SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI: MWENYE KUSIMAMA NA RAI YAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babaye, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, akatiwa gerezani na Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, kwa ajili ya mafundisho yake. Hakufunguliwa mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888. Mwaka 1894 naye akafa, akamwacha mwanawe angali mdogo. Yatima huyo akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akatafuta elimu Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir.

Alipokwisha kuwa mwanachuoni, aliwatazama Waislamu wa pwani akaona wameachwa nyuma. Wengi walisoma Kurani pasina kufahamu maana yake, na vitabu vya dini vilikuwa vya Kiarabu, havifahamiki ila na wachache. Mali ikapotea katika matanga, na watoto wa kike wakanyimwa elimu. Rai yake ikawa kwamba watu wafundishwe dini yao kwa Kiswahili, lugha waijuayo, na kwamba mazoea ya wazee yapimwe kwa Kitabu na Suna.

Mwaka 1930 akatoa gazeti dogo, Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Wapo waliochukizwa, wakamwona anavunja mila. Mtu wa nasaba yake na elimu yake angaliweza kunyamaza, akabusiwa mkono hata kufa kwake. Yeye hakunyamaza, wala hakutukana. Kila neno alilileta pamoja na dalili yake.

Mwaka 1932 akawa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya. Cheo hicho hakikumtoa katika kusomesha, wala katika kutunga vitabu vya Kiswahili kwa ajili ya watoto. Alifariki mwaka 1947, na aliyoyatamani mengi hajayaona.

Lakini wanafunzi wake waliishika njia ile. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy wote wawili walikuja kuwa Makadhi Wakuu wa Kenya, na mwaka 1969 Sheikh Farsy akatoa tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili. Leo mtoto wa chuoni hapa Mafiga, chini ya milima ya Uluguru, akielezwa maana ya aya kwa lugha yake, anakula tunda la mti uliopandwa na wazee hao.

Basi na izingatiwe: rai haisimami kwa ukaidi. Chungu huinjikwa juu ya mafiga matatu, na mafiga ya rai njema ni elimu, adabu na subira. Likikosekana moja, chungu humwagika.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie kuifuata haki. Amin.