Kadhi Abu Yusuf na haki ya mgeni aliye kizuizini

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kueleza maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake hutajwa sana katika darsa za fiqhi. Jambo moja kubwa alilolifanya halitajwi sana majumbani mwetu, nalo ni kuwatetea watu waliofungiwa na kusahauliwa. Mwanachuoni huyo ni Imamu Abu Yusuf, mwanafunzi mashuhuri wa Imamu Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.

Jina lake ni Yaaqub bin Ibrahim. Alizaliwa katika mji wa Al-Kufa nchini Iraq, mwaka 113 Hijria, sawa na 731 Miladia, na hunasibishwa na Answari, wale watu wa Madina waliowafungulia Muhajirina milango ya nyumba zao. Nyumba aliyokulia ilikuwa ya dhiki. Wapokezi wanaeleza kuwa wazazi wake walitaka aache darsa akatafute riziki, na wapo waliosema kuwa alipelekwa kwa dobi ajifunze kazi. Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa vitambaa, alipoona kijana haonekani darsani aliuliza habari zake, akaijua shida yake, akawa anampa fedha za kumtosha yeye na watu wake mpaka akahitimu. Hivyo basi, Abu Yusuf aliijua njaa kabla hajaijua kalamu.

Mwalimu wake huyo alifariki mwaka 150 Hijria, sawa na 767 Miladia. Alikuwa ametiwa gerezani Baghdad kwa amri ya Khalifa Al-Mansur, baada ya kuukataa ukadhi, na wapokezi wengi wanasema kuwa mauti yalimkuta humo humo kifungoni. Mwanafunzi yeye aliukubali ukadhi. Alihukumu katika zama za makhalifa watatu, Al-Mahdi, Al-Hadi na Harun Rashid, na ndiye wa kwanza kupewa cheo cha Qadhil-Qudhaat, yaani Kadhi Mkuu wa makadhi wote. Wapo wanavyuoni walioogopa kusogelea milango ya watawala, na hofu yao ilikuwa na msingi. Tazameni, hata hivyo, Abu Yusuf alikitumiaje kiti chake.

Harun Rashid alimtaka amwandikie kitabu juu ya kodi za ardhi na mapato ya dola, nacho kikaitwa Kitabul-Kharaj. Khalifa aliuliza habari za mali, na kadhi akamjibu, lakini ndani ya kitabu hicho hicho akamwingizia habari za mahabusu. Alimweleza kuwa wafungwa wanatolewa nje wakiwa katika minyororo ili wawaombe watu sadaka wapate kula. Akamweleza pia habari iliyomfikia kwa watu wakweli: huenda mfungwa ambaye ni mgeni, asiye na jamaa mjini, akafariki, na maiti yake ikakaa gerezani siku moja au mbili ikingoja ruhusa ya kuzikwa. Wafungwa wenzake huchangishana senti zao wapate kumlipa mtu wa kumbeba hadi makaburini. Kisha huzikwa bila ya kuoshwa, bila ya sanda na bila ya kuswaliwa. Kadhi alimkumbusha Khalifa kuwa hata mateka wa vitani asiyekuwa Mwislamu ni wajibu alishwe na atendewe wema mpaka hukumu yake ipatikane. Vipi basi mtu aliyeteleza aachwe afe kwa njaa?

Hakuishia kumtaka Khalifa awahurumie. Alimpangia utaratibu. Kila mfungwa asiye na mali apewe dirhamu 10 kwa mwezi kutoka Baytul-Mal. Apewe fedha, wala asipewe mkate, kwa kuwa mkate utaliwa na walinzi kabla haujamfikia mwenyewe. Achaguliwe mtu mwema anayeaminika, awe na daftari la majina, aketi na kumwita kila mmoja kwa jina lake, kisha amkabidhi haki yake mkononi. Wapewe kanzu na nguo nzito ya kujifunika wakati wa baridi, kanzu na shuka wakati wa joto, na wanawake waongezewe mtandio. Maiti asiye na jamaa aoshwe, akafiniwe, aswaliwe na azikwe kwa gharama ya Baytul-Mal.

Tena akaugusa mzizi wenyewe. Alisema kuwa wafungwa wamekuwa wengi kwa sababu hakuna anayeyaangalia mashauri yao. Akamtaka Khalifa awaamrishe magavana wayapitie mara kwa mara: anayestahiki adabu atiwe adabu na aachiliwe, na asiye na kesi afunguliwe aende zake. Akakataza mtu kufungwa kwa kutuhumiwa tu na mwenziwe. Mshitaki aje na ushahidi wake, na akikosa, mshitakiwa achukuliwe mdhamini na aachiliwe.

Hakudai kuwa ameleta jambo jipya. Alisimulia kuwa Sayyidna Ali bin Abi Talib aliwapa wafungwa chakula na nguo huko Iraq, na kuwa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala kuanzia mwaka 99 hadi 101 Hijria, aliwaandikia magavana wake mfungwa asifungwe minyororo kwa namna ya kumzuia kusimama katika swala.

Katika kitabu hicho hicho alimzungumzia mtu kutoka nchi ya maadui anayekutwa mpakani akisema kuwa amekuja kutafuta amani yeye na watu wake. Kadhi alitaka hali yake iangaliwe kwanza. Ikiwa hakuwa akiwakwepa walinzi, basi asadikiwe. Zama zile zilikuwa za vita, na sheria zake si za leo. Lakini msingi upo: mgeni asikilizwe kabla ya kuhukumiwa.

Ndugu wasomaji, wageni wa namna hiyo wapo leo. Vijana wa Ethiopia hupita Kenya na Tanzania wakielekea Afrika Kusini kutafuta maisha, na wengi huishia magerezani. Januari 2021, aliyekuwa Rais wa Tanzania John Magufuli alipompokea huko Chato aliyekuwa Rais wa Ethiopia, Sahle-Work Zewde, alitangaza kuwaachia Waethiopia 1,789 waliofungwa kwa kuingia nchini bila kibali. Hesabu hiyo yatuonesha ni watu wangapi waweza kuwa nyuma ya kuta bila ya sisi kuwafikiria. Huko Tajoura, karibu na Tripoli nchini Libya, Julai 2019 kituo cha kuwazuilia wahamiaji kilipigwa kwa mabomu ya ndege, wakafa watu zaidi ya 50 waliokuwa wamefungiwa milango. Nako Uingereza, nchi yenye mahakama za kale, sheria haijaweka ukomo wa jumla wa muda wa kumzuilia mhamiaji.

Lugha yetu imezoea kuwaita watu hawa wahamiaji haramu. Katika fiqhi, haramu ni hukumu ya kitendo. Binadamu aliyekirimiwa na Mola wake haitwi haramu. Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake, na mwenye kuvunja sheria ana hukumu yake. Analolidai Abu Yusuf ni kwamba hukumu hiyo iwe na mwisho unaojulikana, na kabla haijafika mtu ale, avae, aitwe kwa jina lake, na akifa azikwe kama mwanadamu.

Imamu Abu Yusuf alifariki Baghdad mwaka 182 Hijria, sawa na 798 Miladia. Sisi hatuna Baytul-Mal ya kugawa dirhamu, lakini mafunzo yake yafanyika katika kila mtaa. Kamati za misikiti na ziombe ruhusa ya kuwatembelea mahabusu wageni, zipeleke chakula na nguo, zitafute mkalimani na wakili, na zisimamie maziko ya wasio na jamaa. Kazi hiyo iandikwe daftarini na ipewe msimamizi, kwani huruma isiyo na daftari hupita pamoja na mwezi wa Ramadhani. Nasi wazazi tuwasomeshe watoto wetu aya ya 8 ya Suratul-Insan, inayowasifu wanaomlisha masikini, yatima na mfungwa, kisha tuwaoneshe kwa vitendo mfungwa huyo ni nani katika mji wetu.

Twamwomba Allah amrehemu kadhi huyu, awafungulie njia waliozuiliwa kwa dhulma, na awarejeshe wageni salama kwa watu wao. Amin.