Herode Mfalme wa Mayahudi na Tarikh ya Kuzaliwa Nabii Isa (A.S.)

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: vijana wetu wa madrasa huuliza mara kwa mara, yawaje hesabu ya Miladi kuitwa kwa kuzaliwa Nabii Isa, na hali wanavyuoni wengi wa Kinasara wenyewe wasema kuwa hakuzaliwa katika mwaka wa 1? Jawabu ya swali hili imo katika maisha ya mfalme mmoja dhalimu, naye ni Herode. Basi twaa khabari zake, ewe msomaji, kisha upime mwenyewe.

Herode alikuwa mtu wa Edomu, nchi iliyo kusini ya Yudea. Babake, Antipatro, alikuwa mkubwa katika serikali ya Yerusalemu na rafiki wa Warumi, na mamake alikuwa Mwarabu wa Kinabati. Watu wa Edomu waliingizwa katika dini ya Mayahudi kabla ya kuzaliwa kwake, na kwa sababu hiyo Mayahudi wengi hawakumhisabu kuwa mwenzao khasa. Katika mwaka wa 47 kabla ya Miladi babake alimpa uliwali wa Galilaya. Mwaka wa 40 Waparthi waliivamia nchi, naye akakimbilia Rumi. Baraza la Warumi likampa ufalme hali hana nchi mkononi. Alipigana miaka 3 hatta akautwaa mji wa Yerusalemu, mwaka wa 37.

Alitawala kwa werevu na kwa upanga. Alijenga bandari ya Kaisaria na ngome ya Masada, na yapata mwaka wa 20 kabla ya Miladi alianza kulijenga upya Hekalu la Baitul Maqdis. Lakini dhana mbaya ilimla moyo. Mkewe Mariamne alimwua mwaka wa 29. Wanawe wawili aliozaa naye, Alexander na Aristobulo, aliwaua mwaka wa 7. Na mwanawe mwingine, Antipatro, alimwua siku 5 tu kabla ya yeye mwenyewe kufa. Alikufa Yeriko kwa maradhi mazito, akazikwa katika ngome yake ya Herodiamu, karibu na Beitlehemu.

Alikufa lini? Hapa ndipo penye fundo. Josephus, mwandishi wa tarikh wa Kiyahudi, ametaja kuwa mwezi ulipatwa kabla ya kifo chake, kisha ikafuata Pasaka. Wenye elimu ya falaki wamepiga hesabu, na aghlabu yao wamesema ni kupatwa kwa usiku wa Machi 13, mwaka wa 4 kabla ya Miladi. Wako wachache waliochagua mwaka wa 1 kabla ya Miladi, kwani huo nao ulikuwa na kupatwa. Lakini wanawe wanashuhudia ule wa kwanza: Arkelao aliondolewa na Warumi mwaka wa 6 baada ya Miladi, akiwa katika mwaka wake wa 10 wa kutawala, na Antipa, aliyeondolewa mwaka wa 39, ana sarafu zilizopigwa mwaka wake wa 43. Hesabu zote mbili zarejea mwaka wa 4 kabla ya Miladi.

Sasa tazama. Injili ya Matayo yasema Isa alizaliwa katika zama za Herode. Ikiwa ni hivyo, basi alizaliwa kabla ya kufa Herode. Injili ya Luka nayo yamtaja Herode, kisha yaunganisha kuzaliwa huko na hesabu ya watu iliyofanywa katika uliwali wa Kirenio huko Shamu. Na hesabu ijulikanayo ya Kirenio ilikuwa mwaka wa 6 baada ya Miladi, alipokwisha kuondolewa Arkelao. Baina ya kifo cha Herode na hesabu hiyo pana miaka yapata 9, kwani hakuna mwaka wa sufuri. Baadhi ya Nasara wamejibu kuwa Kirenio alikuwa na uliwali mwingine wa mbele, au kuwa neno la Kiyunani lafaa kufasiriwa kuwa hesabu ilikuwa kabla ya Kirenio. Ni wajibu wetu kuyataja majibu yao, ijapokuwa wengi katika wanavyuoni hawakutosheka nayo.

Ama hesabu ya Miladi yenyewe, iliwekwa na mtawa Dionysius huko Rumi, mwaka wa 525, alipokuwa akitengeneza jadweli ya Pasaka. Hakutaka kuhesabu kwa miaka ya Kaisari Diokletiano, aliyewatesa Nasara. Kwa hesabu yake Herode alikuwa amekwisha kufa miaka kadha kabla ya mwaka wa 1.

Lakini tahadhari, ndugu yangu, usiifanye khabari hii kuwa mzaha. Wako kwetu wanaosema kuwa alizaliwa wakati wa joto, kwa kuwa Bibi Maryamu alikula tende mbivu chini ya mtende. Wafasiri wengi wamesema mtende ule ulikuwa mkavu, na tende zile zilikuwa muujiza; na muujiza hauwi hoja ya msimu. Tena sisi wenyewe tumekhitalifiana katika siku ya kuzaliwa Mtume wetu: wako waliosema mwezi 8 wa Mfunguo Sita, na waliosema mwezi 9, na walio mashuhuri wakasema mwezi 12. Na Sayyidna Umar alipoweka tarikh yetu, aliianzisha kwa Hijra, jambo lililoshuhudiwa na umati wa masahaba.

Kurani haikutaja mwaka wa kuzaliwa Isa, wala imani yetu kwake haizidi wala haipungui kwa mwaka. Mwenye kujadiliana na Nasara na ajadiliane kwa elimu na adabu, na apime hoja yake kwa mizani ile ile apimiayo hoja ya mwenziwe.

Wallahu aalam.