Shizo Kanakuri, Mkimbiaji wa Japani

Katika nchi ya Japani kiko kisiwa kikubwa kiitwacho Kyushu. Huko, katika kijiji kimoja cha jimbo la Kumamoto, alizaliwa Shizo Kanakuri tarehe 20 Agosti 1891. Shule yake ilikuwa mwendo wa maili nne hivi kutoka nyumbani, naye alikwenda na kurudi mbio kila siku. Hakuna aliyejua siku zile ya kuwa miguu ile itamfikisha nchi za mbali.

Alipokua alikwenda Tokyo, mji mkuu, kusomea ualimu. Mkuu wa chuo chake alikuwa Jigoro Kano, yule aliyeanzisha mchezo wa judo. Mwezi wa Novemba 1911 yalifanywa mashindano ya kuchagua watu wa kwenda katika michezo ya Olimpiki, ambayo ilikuwa ifanyike mwaka wa pili wake katika mji wa Stockholm, nchi ya Uswidi. Kanakuri alikimbia maili 25 kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 45. Watu walistaajabu, wakatumaini ya kuwa atashinda. Japani ilikuwa haijapeleka mtu katika michezo hiyo hata mara moja. Sasa ikapeleka wakimbiaji wawili tu, naye alikuwa mmoja wao.

Walisafiri kwa merikebu, kisha kwa gari la moshi kupita Urusi yote, siku zipatazo 18. Huko kaskazini, wakati wa kiangazi, usiku hauwi na giza, basi usingizi ulimpungukia. Tena barabara zilikuwa ngumu, na viatu vyake vilikuwa vya kitambaa, namna ya viatu vya kwao. Lakini hakuacha kujizoeza.

Siku ya mashindano ilikuwa tarehe 14 Julai 1912. Kila mtu alitazamia hewa ya baridi kidogo, kama ilivyo desturi ya nchi ile. Kumbe siku hiyo joto lilifika digrii 32. Wakimbiaji 68 walianza mbio yapata saa nane kasorobo, jua likiwa kali. Nawe ujue ya kuwa mtu anapokimbia mwili wake hupata moto, na jasho ndilo linalouponya kwa kuupoza. Lakini jasho ni maji ya mwilini, nayo yakipungua sana mtu huzunguliwa na kichwa, na pengine hufa. Siku zile wakimbiaji wengi walidhani ya kuwa kunywa maji njiani ni kujidhoofisha.

Kanakuri alikimbia maili kama 17, kisha nguvu zikamwishia. Akaingia katika bustani ya nyumba moja kando ya njia, na wenyeji wakampokea kwa wema, wakampa kinywaji, akapumzika. Hakurudi barabarani. Karibu nusu ya wenzake walishindwa vilevile. Francisco Lázaro, seremala kutoka Ureno, alianguka njiani kwa joto, akafa siku ya pili.

Kanakuri alirudi mjini kwa gari la moshi pasipo kuwaarifu wasimamizi wa mbio, kwa sababu ya aibu. Basi katika daftari zao hakuhesabiwa kuwa amemaliza wala kuwa ameacha. Lakini katika kitabu chake cha kila siku aliandika ya kuwa ataifuta aibu hiyo.

Aliporudi kwao hakulilaumu jua. Alifanya shauri ya kulizoea: wakati wa joto kali alikwenda pwani, akakimbia mchangani jua la mchana. Michezo ya mwaka 1916 haikufanyika kwa ajili ya vita. Mwaka 1920, huko Antwerp, alimaliza mbio, akawa wa 16. Mwaka 1924, huko Paris, hakuweza kumaliza. Hata hivyo alikuwa amekwisha kupanda mbegu nyingine. Yeye na wenzake waliona ya kuwa nchi haiwezi kumtegemea mkimbiaji mmoja, basi mwaka 1920 wakaanzisha mashindano ya vyuo kutoka Tokyo hata Hakone na kurudi, ambayo wakimbiaji hupokezana njiani. Mashindano hayo hukimbiwa hata leo. Naye akawa mwalimu, akawafundisha vijana wengi, na wasichana pia, wakati ambapo wachache walidhani wasichana wafaa kukimbia.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1967 watu wa Uswidi walimwalika aje kuimaliza safari yake. Mwezi wa Machi, akiwa mzee wa miaka 75, mwenye watoto sita na wajukuu kumi, alikimbia polepole katika uwanja wa Stockholm, akaikata kamba. Ikatangazwa ya kuwa muda wake ni miaka 54, miezi 8, siku 6, saa 5, dakika 32 na sekunde 20. Hapana mtu aliyepata kukimbia mbio ndefu namna hiyo kwa muda mrefu kama huo.

Alifariki tarehe 13 Novemba 1983, naye alikuwa na umri wa miaka 92. Wajapani humwita baba wa mbio ndefu katika nchi yao. Kama asingalisimama siku ile ya joto, labda asingaliiona kesho yake. Na kama angalikaa na aibu yake bure, wale vijana wasingalipata mwalimu. Wazee wetu husema, kawia ufike.