Doppler, Mwana wa Mwashi Aliyetufundisha Kuisikiliza Damu

Mgonjwa akiwekewa kile chombo kidogo shingoni au mguuni ili daktari aisikilize damu ikipita, husikia likitajwa jina la Doppler. Wengi hudhani ni jina la kampuni. La, ni jina la mtu, na maisha yake yana ibra. Ndiyo maana leo nimeona niwasimulie wasomaji wetu.

Christian Doppler alizaliwa tarehe 29 Novemba 1803 mjini Salzburg, nchi ya Austria. Ukoo wao ulikuwa wa waashi wa mawe, lakini yeye mwili wake ulikuwa dhaifu, hakuiweza kazi ya nyundo na patasi. Akapelekwa Vienna kusoma hisabati. Elimu aliipata, kazi hakuipata. Hata ikambidi awe karani wa hesabu katika kiwanda cha kusokota pamba. Mwaka 1835 alikata tamaa, akauza vitu vyake ahamie Marekani. Riziki ikamjia mguu u njiani: akapewa kazi ya ualimu Prague.

Huko Prague, tarehe 25 Mei 1842, alieleza mbele ya wanachuoni kwamba mwendo hubadilisha sauti na mwanga vinavyomfikia mtu. Nayaandika haya nikiwa Magwagwa, katika vilima vya Nyamira, mbali na pwani yetu, na hapa barabarani ushahidi wake nausikia. Lori likija mbio huku dereva akipiga honi, sauti huwa nyembamba. Likishanipita, honi ile ile huwa nene. Honi haikubadilika; kilichobadilika ni kwamba lori lilikuwa linakuja, na sasa linakwenda. Mwaka 1845 Buys Ballot wa Uholanzi aliwapandisha wapiga tarumbeta katika gari la moshi karibu na Utrecht, na jambo hilo likathibitika.

Lakini Doppler hakuwa akifikiria wagonjwa. Alitaka kujua kwa nini nyota pacha zina rangi mbalimbali, na hapo alikosea, kwani rangi ya nyota hutokana hasa na joto lake. Mwaka 1852 mwanachuoni mwenzake Petzval alimshambulia hadharani Vienna, naye tayari kifua kimemshika. Akaenda Venice kutafuta hewa njema, na huko ajali yake ikafika tarehe 17 Machi 1853. Alikuwa na umri wa miaka 49, akaacha mjane na watoto watano.

Njia ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi ilikwisha kuelezwa na Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus na Cairo, katika karne ya 13. Kasi yake ndani ya mshipa, bila kumpasua mtu, ilingoja miaka ya 1950, pale Shigeo Satomura wa Japani alipoitumia kanuni ya Doppler. Chombo hupeleka mwilini sauti isiyosikika kwa sikio. Sauti hiyo hugonga chembe za damu, ikarudi kama mwangwi. Chembe zikija, mwangwi huwa mwembamba. Zikienda, huwa mnene. Tofauti hiyo ndiyo kipimo cha kasi. Na mshipa ukiwa mwembamba, damu hukimbia, kama maji ya bamvua katika mlango mwembamba wa bahari.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa pwani, ambako sikoseli inawasumbua watoto wengi. Ugonjwa huo huweza kuziba mishipa ya ubongo, mtoto mdogo akapigwa na kiharusi. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba damu ikikimbia sentimita 200 au zaidi kwa sekunde katika mishipa hiyo, hatari ni kubwa, na mtoto akiongezewa damu kwa utaratibu hatari hupungua kwa zaidi ya 90 katika 100. Watoto wetu wa Kilifi nao walipimwa, na daktari Julie Makani wa Tanzania pamoja na wenzake wakachapisha matokeo mwaka 2009. Siku hizi iko pia dawa ya haidroksiyurea.

Kipimo chenyewe hakina sindano wala maumivu. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa sikoseli asingoje mkono ulegee au mdomo upinde. Na amuulize daktari leo ni wapi mwanawe atapimwa kwa Doppler.