Tommy Bolin: Dogo wa roki aliyeingia kwenye jazi bila kujua noti

Mei 1973, kijana wa miaka 21 aliingia studio ya Electric Lady, New York, akiwa na gitaa lake. Ndani walikuwepo watu wazito: mpiga drumu Billy Cobham na mpiga kinanda Jan Hammer, wote wa Mahavishnu Orchestra. Yeye alikuwa ametokea kwenye roki, na kusoma noti hakujua.

Siku chache tu, kazi ikaisha. Ikatoka albamu ya Spectrum, ikashika namba moja kwenye chati ya jazi ya Billboard.

Kijana huyo ni Tommy Bolin. Alizaliwa Agosti 1, 1951, Sioux City, jimbo la Iowa, Marekani. Shule ilimshinda mapema, akagombana na walimu kisa nywele ndefu. Akahamia Colorado, na huko akawa mcharaza solo wa bendi ya Zephyr, iliyopiga roki na bluzi.

Baada ya albamu mbili aliona pale pamekuwa padogo. Akaondoka, akaunda Energy, bendi iliyochanganya roki na jazi. Kampuni za kurekodi hazikuitaka. Njaa ilikuwepo, lakini hapo ndipo sikio lake lilipokomaa. Akapiga pia na mpuliza filimbi Jeremy Steig, na kupitia duru hizo Cobham akamjua.

Alichofanya kwenye Spectrum ni hiki: hakujifanya mtu wa jazi. Alibaki na mlio wake mkali wa roki na mashine yake ya mwangwi, aliyokuwa akizungusha vitufe vyake huku anapiga. Kilichobadilika ni kusikiliza. Kwenye roki, solo mara nyingi ni zamu ya mpiga gitaa kutamba. Kwenye fyusheni, drumu na kinanda vinakujibu, na wewe lazima ujibu. Bolin alijibu kwa sikio tu.

Mmoja wa walioisikia Spectrum ikawagusa ni Jeff Beck, nyota wa gitaa wa Uingereza. Mwaka 1975 Beck naye akatoka kwenye roki na kutoa Blow by Blow, albamu isiyo na mwimbaji.

Bolin mwenyewe akarudi kwenye roki. Alipiga na James Gang, kisha 1975 akachukua nafasi ya Ritchie Blackmore ndani ya Deep Purple. Jina likakua, ila mashabiki wengi bado walimtaka Blackmore. Na heroini ilishamkamata. Desemba mwaka huo, kwenye shoo ya Tokyo, mkono wake wa kushoto ulikuwa haufanyi kazi vizuri. Miezi michache baadaye bendi ikavunjika.

Desemba 3, 1976, alipanda jukwaani Miami kumtangulia msanii mkuu wa usiku ule. Msanii huyo alikuwa Jeff Beck, yule yule aliyeifuata njia ya Spectrum. Kesho yake Bolin alifariki kwa dawa za kulevya. Alikuwa na miaka 25.

Kama hujawahi kumsikia, tafuta wimbo Stratus. Vumilia dakika tatu hivi za mwanzo, subiri besi iingie, halafu sikiliza gitaa.