Maurice Egerton: Bwana wa kasri aliyekufa bila mrithi

MKAZI wa Kabazi anayeabiri matatu hadi jijini Nakuru, kisha akashika barabara ya Njoro, hufika Ngata, palipo na jumba la mawe ambalo ni vigumu kupata mfano wake katika Bonde la Ufa. Lina vyumba zaidi ya 50 na ukumbi wa dansi uliowekwa kinanda kikubwa cha mabomba. Aliyelijenga aliishi humo miaka minne tu.

Huyo ni Maurice Egerton, baroni wa nne wa Tatton na wa mwisho. Alizaliwa mwaka wa 1874 katika ukoo wa makabaila wa Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ambao ulikuwa umemiliki kasri na mashamba ya Tatton tangu mwishoni mwa karne ya 16. Milki ya namna hiyo ilikuwa zaidi ya nyumba. Wapangaji walilima mashamba ya bwana na kumlipa kodi, na kila kitu kikapita kutoka kizazi hadi kizazi pamoja na cheo.

Maurice, hata hivyo, alivutiwa zaidi na mitambo. Alimiliki motokaa wakati ambapo wengi hawakuwa wameiona, akafanya urafiki na ndugu wawili wa Marekani walioanzisha usafiri wa ndege, Wilbur na Orville Wright, na mwaka wa 1910 akapata cheti cha urubani nambari 11 nchini Uingereza. Babake alipofariki mwaka wa 1920, alirithi Tatton akiwa na umri wa miaka 46. Katika muongo uo huo akajipatia ardhi Njoro.

Hakuwa kabaila wa kwanza wa Cheshire kufika huko. Lord Delamere, ambaye kasri la ukoo wake la Vale Royal lilikuwa katika jimbo lilo hilo, alikuwa ameanza kulima Njoro tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kwa mkataba wa kukodi ekari 100,000 kwa miaka 99.

Ardhi iliyogawiwa mabwana hao haikuwa nyika isiyo na mwenyewe. Mkataba wa mwaka wa 1904 uliwaondoa Wamaasai kutoka sehemu hii ya Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi. Mwafrika aliyeishi kwenye shamba la mlowezi alihesabiwa kuwa skwota, na sheria ya mwaka wa 1918 ilimlazimu kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Naona mpangaji wa Tatton alikuwa na nafuu: yeye angalau alitambuliwa na sheria kuwa mpangaji.

Ujenzi wa kasri la Ngata, lililoigwa kutoka Tatton, ulianza mwaka wa 1938. Vita Vikuu vya Pili vikaukatiza, na kazi haikukamilika hadi mwaka wa 1954, wakati ambapo nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari na maskwota wa Bonde la Ufa walikuwa wakifurushwa kwa maelfu kwa kushukiwa kuwa Mau Mau.

Wageni wanaozuru kasri hilo husimuliwa kisa kingine. Inasemekana kwamba Egerton alimpenda mwanamke wa kifalme, naye alipooneshwa nyumba ya kwanza aliibeza kuwa banda la kuku. Bwana akajenga kasri, bibi akaolewa kwingine, na tangu hapo mwanamke yeyote akapigwa marufuku kukanyaga shamba hilo. Ni kisa kitamu, na huenda kina chembe ya ukweli. Lakini kimekuwa kitamu mno. Jina la binti huyo hutajwa na kila mtembezaji watalii. Ya vibarua waliochonga mawe hayo hayatajwi.

Jambo lenye uzito zaidi alilifanya mwaka wa 1939, alipotoa ekari 740 kuanzisha Shule ya Kilimo ya Egerton. Shule hiyo ilikuwa ya kuwafunza vijana wa Kizungu ukulima. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza iliweka kwa amri rasmi mipaka ya nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, na shule ilikusudiwa kuwapa nyanda hizo wakulima wa kesho. Ilipanda ngazi na kuwa chuo cha kilimo mwaka wa 1955.

Egerton alifariki Januari 30, 1958, bila mke wala mtoto. Ubaroni wa Tatton ukakoma siku hiyo. Kasri la Cheshire aliliachia shirika la kuhifadhi turathi la Uingereza, na chuo cha Njoro kikapata ekari nyingine 1,100. Muda mfupi baadaye kikafungua milango kwa wanafunzi wa kila rangi. Mwaka wa 1986 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka uliofuata kikawa chuo kikuu kamili.

Ukoo wa Delamere, uliokuwa na warithi, ungali Soysambu, na mjadala kuhusu ardhi yake haujawahi kupoa. Kasri la Ngata liko mikononi mwa Chuo Kikuu cha Egerton. Watoto wa shule huletwa kulitazama, na kwenye bustani zake hufanyika harusi.