Daktari aliyewapa majina minyoo wa vilindini

Niliporudi Burundi mwaka 2008, cheti changu cha shule kilinitesa. Nilikipata Tanzania, nilikosomea ukimbizini, na jina langu humo lilitofautiana kwa herufi moja na karatasi nilizopewa mpakani. Kwa herufi hiyo nilizunguka maofisini miezi minane bila kazi, nikithibitisha kwamba mimi ni mimi. Ndiyo maana, nikifika kwenye somo la majina ya viumbe, huwasimulia wanafunzi wangu habari za William Carmichael McIntosh.

Alizaliwa mwaka 1838 katika mji wa St Andrews, Scotland. Alisomea udaktari Edinburgh, kisha akawa mganga mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Murthly. Akishawahudumia wagonjwa, aliwageukia minyoo wa baharini. Dada yake, Roberta, alimchorea picha zao. Roberta alifariki mwaka 1869, muda mfupi baada ya kujifungua. McIntosh aliendelea na kazi hiyo, na kitabu chake kikubwa juu ya minyoo wa Uingereza kilitoka sehemu kwa sehemu kuanzia 1873 hadi 1923.

Kati ya 1872 na 1876, meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilizunguka dunia ikishusha nyavu katika vilindi ambavyo wataalamu wengine walidhani havina uhai. Minyoo waliovuliwa walihifadhiwa katika spiriti, naye akakabidhiwa kazi ya kuwatambua. Minyoo wa aina hii hukatika upesi, na spiriti hufifisha rangi zao. Kwa hiyo alitumia darubini, akalinganisha taya, vijiguu na nywele zao ngumu. Asiyefanana na yeyote alipewa jina la maneno mawili: la kwanza la kundi lake, la pili la kwake mwenyewe. Taarifa hiyo, yenye kurasa zaidi ya 500, ilichapishwa mwaka 1885.

Mmoja aliwashangaza wengi. Alipatikana karibu na Cebu, Ufilipino, ndani ya sifongo, mwili wake ukiwa na matawi kama mti. McIntosh alimwita Syllis ramosa mwaka 1879, yaani mwenye matawi. Mwingine wa namna hiyo, kutoka kaskazini mwa Australia, alipewa jina mwaka 2012.

McIntosh alifariki mwaka 1931 akiwa na miaka 92. Kwa kanuni za sayansi, jina la aliyemtaja mnyoo kwanza huandikwa pamoja na mwaka. Mtaalamu wa baadaye akiona mnyoo huyo ni wa kundi jingine, humhamisha, lakini jina la mtaalamu wa kwanza hubaki, likiwekwa kwenye mabano. Hivyo kila msomaji huona kwamba mnyoo ni yule yule.

Kanuni hiyo ingekuwapo maofisini, herufi yangu ingesahihishwa siku moja, na wanafunzi wangu wasingekosa mwalimu miezi minane.